Foleni ya Kunuswa

Kabla ya korona, pua ya Nuriat ilikuwa na kazi moja tu mjini Mbale: samaki. Ukimletea ngege aliyekaushwa kwa moshi, hakumtazama. Alifumba macho, akainua kifuniko cha shavu kwa ukucha wa kidole gumba, akavuta pumzi moja fupi, kisha akakwambia samaki huyo alivuliwa lini, alikaushwa kwa kuni gani, na kama aliyemkausha alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Wachuuzi wenye samaki wa juzi walipomwona anaingia sokoni walitandaza gunia juu ya vyombo vyao, wakajifanya wanauza vitunguu.

Pua hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata Masese, kule Jinja, mitumbwi inapopakua samaki, na aliyempa ni mjomba wake Adrisi, ndugu wa mama yake aliyemlea. Mjomba Adrisi hakuwa na cheo chochote pale ufukweni, lakini hakuna mwanamke aliyenunua samaki kabla ya yeye kuwanusa. Alimfunga Nuriat kitambaa machoni, akampitishia samaki watano puani mmoja mmoja. Akikosea, siku hiyo chai hanywi. Alipofika miaka kumi na mbili alikuwa hakosei tena, na darasa la nne alikuwa ameshaliacha.

"Shule itakufundisha kusoma jina la samaki," Mjomba alimwambia. "Samaki mwenyewe nitakusomesha mimi."

Ndoa ikamleta Nuriat Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Ndoa ikaisha, Mbale ikabaki, na samaki wa Jinja wakaendelea kumfuata kwa lori.

Mwaka ule wa wimbi la pili la korona, Mjomba Adrisi alikuja kumtembelea baada ya Idi. Alikuja na mfuko mmoja, kopo la ugoro na kile kipulizio chake cha pumu, akisema anakaa wiki moja. Ilipofika Juni serikali ikafunga njia kati ya wilaya na wilaya, na wiki moja ya Mjomba ikawa haina mwisho. Alipewa chumba cha uani. Mlango wake ulikuwa na pazia lililokatwa fupi, kwa hiyo aliyekaa ndani aliona miguu ya wapitao, si nyuso zao. Mzee alikuwa na miaka sabini na sita na kifua kinachopiga filimbi akipanda ngazi mbili. Nuriat aliapa mbele ya jirani zake kwamba korona itaingia nyumba zote za Nabuyonga, lakini kile chumba haitakiingia.

Kiapo hicho ndicho kilicholeta mambo yote, maana tangu siku hiyo alimnusa kila aliyeingia uani.

Nyumba ya tatu kutoka kwake alipanga Afande Opio, askari magereza. Asubuhi moja alikuja kununua mukene, wale dagaa wadogo, na Nuriat akarudi nyuma hatua moja.

"Afande, wewe unanuka."

"Mimi?" Opio alijitazama. "Mama, mimi naoga kila siku. Kila siku! Uliza bibi yangu."

"Sisemi uchafu. Unanuka betri."

"Betri ya nini?"

"Betri ya tochi. Ile imevuja."

Opio alicheka mpaka akasahau chenji yake. Siku ya pili walipimwa askari wote kazini kwao, naye akaonekana ana korona. Alifungiwa siku kumi na nne, akarudi amekonda, kola imekuwa kubwa kuliko shingo. Sasa, kama angerudi akakaa kimya, leo pasingekuwa na la kusimulia. Lakini askari magereza hushinda na watu ambao hawana hamu ya kuzungumza naye, kwa hiyo akitoka nje ya lango hulipiza. Kabla ya jua kuzama mtaa wote ulikuwa unajua kwamba Mama Nuriat amemnusa Afande akaiona korona kabla ya daktari.

Ukweli ni kwamba watu walikuwa na hamu ya kuamini kitu. Vipimo vilikuwa vichache pale kituo cha afya, na muuguzi wake Gorreti, ambaye kila mtu alimwita Musawo kama wauguzi wote wanavyoitwa huku, aliviweka kwa ajili ya waliozidiwa. Kupimwa kwa watu binafsi bei yake ilikuwa mbuzi, tena mbuzi mwenye mimba. Na ile bastola ya kupimia joto langoni mwa soko ilimsomea kila mtu nyuzi thelathini, hata yule aliyejitwika sufuria ya chai. Kwa hesabu ya bastola ile, Mbale nzima ilikuwa imeshakufa na haijaambiwa.

Basi watu wakaanza kuja uani kwa Nuriat, mmoja mmoja kwanza, kwa aibu, wakijifanya wanauliza bei ya mputa, yaani sangara. Kufika wiki ya pili walikuwa wanakuja kwa makundi, na hapo jirani yake Namono akaona haifai wasimame ovyo kama mbuzi wa mnada. Namono aliuza malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na biashara ilikuwa imelala, kwa hiyo nguvu za kupanga watu alikuwa nazo. Alikwenda kuazima benchi katika kanisa lililokuwa limefungwa ili watu wasikusanyike, akaliweka uani ili watu wakusanyike. Benchi lilikuwa la watu wanane. Namono aliwakalisha kumi na wanne, bega kwa bega, paja kwa paja.

"Wewe, hapana sukuma! Kila mtu atanuswa! Mama, sogea, sogea, hapo bado mtu mmoja anaingia!"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akifika mbele alikalia kigoda, akavua barakoa, kwa sababu barakoa inafunika harufu. Nuriat naye alivua yake, kwa sababu pua iliyofungwa kitambaa ni kama jicho lililotiwa gunia. Kisha aliinama, akaweka pua nyuma ya sikio la mtu, mahali ambapo samaki angekuwa na shavu, akavuta pumzi. Kama hakusikia betri alisema, "Safi." Kama alisikia alisema, "Nenda kwa Musawo." Waliokuwa safi walivua barakoa moja kwa moja wakaitia mfukoni, maana mtu akishaambiwa mzima, kitambaa cha nini tena?

Kwa wiki tatu Nuriat aliwapeleka watu kumi na mmoja kwa Musawo Gorreti. Wanne walikuwa na korona kweli. Namono aliwatangaza wale wanne mpaka Nakaloke. Wale saba hakuwataja. Na wale mia na ushee walioambiwa "safi" hakuna aliyejua habari zao, kwa kuwa mtu safi hapimwi.

Musawo Gorreti alikuja mwenyewe siku moja, barakoa mbili usoni, akasimama mbali karibu na kamba ya nguo.

"Mama Nuriat, nisikilize. Ugonjwa huu hukaa mwilini siku mbili, tatu, hata tano, na mwenyewe hajui. Anacheka, anakula, anapanga foleni, na pumzi yake tayari inamwaga virusi. Wengine hawaumwi kabisa, wanapita nao tu kama mtu aliyebeba nyoka kwenye mzigo wa kuni. Sasa wewe utawanusa nini?"

"Kama upo, unanuka," Nuriat alisema kwa upole. Hakuwa mtu wa kubishana. "Mimi sijasema nawaponya. Nawaambia tu."

"Na hiyo pumzi unayovuta kumnusa mtu, unafikiri inakuja peke yake?"

"Musawo ana wivu," Namono alinong'ona kwa sauti ya kusikika na benchi zima. "Sisi hapa hatuna karatasi, hatuna sindano, lakini watu wanatupenda."

Watu wakacheka. Nyuma ya pazia fupi, Mjomba Adrisi alikohoa kikohozi chake cha ugoro, akasema:

"Nuriat! Mimi nilikufundisha samaki. Unajua samaki ana sifa gani?"

"Gani, Mjomba?"

"Samaki ukimnusa, hapumui."

Benchi likacheka zaidi, likidhani mzee anatania. Nuriat naye alitabasamu, akaita anayefuata.

Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Omollo. Huyu alikuwa dereva Mkenya, analeta mizigo kutoka Jinja, anapita Mbale kuelekea Soroti, na chini ya kiti chake kila Jumatatu kulikuwa na nafasi ya maboksi ya samaki wa Nuriat. Lori lake likisimama watoto walikimbia wakipiga kelele, "Korona! Korona!" wakachungulia kutoka nyuma ya ukuta ili waione vizuri. Namono alimfanya anuswe mara mbili, mara ya kwanza akishuka na mara ya pili akiondoka.

"Haki ya Mungu," Omollo alisema akigeuza shingo kwa mara ya pili. Kifuani alikuwa amening'iniza cheti chake cha kupimwa, kimetiwa plastiki. "Mimi napimwa mpakani kila siku kumi na nne, mpaka pua yangu inaijua ile kijiti kwa jina. Katika huu mtaa wote mwenye karatasi ni mimi. Na anayenuswa mara mbili ni mimi."

"Nyinyi watu wa barabara hamjulikani," Namono alisema, akakohoa.

"Na wewe, mama, nani anakunusa?"

"Mimi?" Namono alishangaa kweli. "Mimi ni wa hapa."

Alikuwa anakohoa tangu Jumatano. Alisema ni vumbi la malewa, na kila mtu alikubali kwamba malewa yana vumbi. Hakuna aliyefikiria kumnusa Namono, kama ambavyo mtu hafikirii kupekua kufuli ya mlango wake kama imeiba.

Jumatatu iliyofuata Omollo alishusha maboksi matatu uani. Nuriat alikuwa ameamka na kichwa kizito na kiuno kinachouma, akasema ni kazi. Alifungua boksi la kwanza, akamtoa ngege, akainua shavu kwa ukucha, akafumba macho, akavuta pumzi.

Hakukuwa na kitu.

Alimgeuza. Akavuta tena. Akachukua wa pili, wa tatu. Ilikuwa kama kunusa ukuta uliopakwa chokaa. Alifumbua macho akamwona Omollo amevuta kola ya shati mpaka juu ya pua, macho yanamtoka machozi.

"Mama, hawa wa chini wameoza," Omollo alisema ndani ya kola. "Walinyeshewa na mvua pale Jinja. Nilijua utanirudishia boksi zima, nimeshajitayarisha kutukanwa. Mbona umenyamaza?"

"Waache hapo," Nuriat alisema. "Nitawachagua."

Omollo akapanda lori lake upesi kabla Nuriat hajabadili mawazo.

Nuriat aliingia jikoni, akafunga mlango. Alinusa kitunguu. Alinusa kibuyu cha mafuta ya taa. Alinusa majivu, sabuni, kwapa lake mwenyewe. Alichoma nywele mbili kwenye mshumaa. Dunia yote ilikuwa imeondoka ikaacha umbo lake. Alikaa juu ya gunia la mkaa, na jambo la kwanza alilofikiria halikuwa ugonjwa. Alifikiria: nikiwa sina pua, mimi ni nani hapa Mbale? Mwanamke wa darasa la nne mwenye maboksi matatu ya samaki waliooza.

Maneno ya Musawo Gorreti juu ya pumzi yalimjia, akayafukuza. Itarudi kesho, alijiambia. Ni baridi tu. Nje Namono alikuwa anapiga makofi.

"Mama Nuriat! Watu wamejaa!"

Akatoka. Wa kwanza akakaa kwenye kigoda, akageuza shingo. Nuriat aliinama, akavuta pumzi, akaona chokaa ileile.

"Safi," alisema.

Kusema kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Wa pili, safi. Wa tano, safi. Siku ya pili yake, Jumanne, akaja Roselyn, mke wa fundi wa matofali aitwaye Nyongesa, kutoka upande wa barabara ya Nakaloke. Roselyn alikuwa amenuswa mara moja kabla, wiki ya kwanza.

"Nimerudi tena, Mama, usinicheke. Nimeitwa kupika msibani kule Busiu, na mimi siendi kuwapikia watu nikiwa sijijui. Nina watoto watatu pia. Nimekuja kuuliza kwanza."

Katika foleni nzima huyu ndiye aliyekuwa anawawazia wengine. Nuriat aliinama nyuma ya sikio lake, akavuta pumzi, akaitoa.

"Safi."

"Mungu akubariki. Sasa nitapika kwa amani."

Kufikia Jumatano jioni, siku tatu zilikuwa zimepita bila mtu hata mmoja kupelekwa kwa Musawo. Watu wanaona wanavyotaka kuona. Namono alisimama juu ya benchi, akakohoa, akatangaza kwamba Nabuyonga imekuwa safi. Afande Opio alifungulia redio yake mpaka mwisho. Kinyozi wa pembeni aliyekuwa ananyoa kwa siri alifungua mlango wa mbele. Nuriat alisikia shangwe hiyo akiwa jikoni, anakula chakula kisicho na ladha ya kitu chochote, akaona ni heri watu wafurahi.

Alhamisi asubuhi pazia fupi likafunguliwa, na Mjomba Adrisi akatoka.

Hakuwa ametoka nje ya chumba kile mchana tangu njia zifungwe. Ndevu zilikuwa zimemjaa mpaka kwenye masikio, nywele zimesimama kama majani ya ufukweni. Alivuka ua polepole kwa fimbo yake, hana barakoa, akajiunga na foleni. Watu waliinuka kumpisha, akakataa, akakaa zamu yake kati ya mama mmoja na Namono. Namono akamkoholea begani, akaomba radhi.

Zamu yake ikafika. Akakalia kigoda.

"Mjomba, unataka nini huku nje?" Nuriat aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nataka kunyolewa. Nimesikia mtaa umepona. Siku tatu hakuna mgonjwa, mwanangu, ni wewe umesema. Basi ninuse, nikamtafute kinyozi, kisha nikae na wanaume wenzangu ninywe kahawa kabla sijafa kwa kuchoka." Akageuza shingo, akaonyesha nyuma ya sikio, ngozi nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara. "Haya. Mimi ndiye nilikufundisha. Tuone."

Nuriat aliinama, desturi ikimvuta. Akafika karibu mpaka akasikia kile kifua kinapiga filimbi yake ndogo. Hapo akakumbuka: samaki ukimnusa hapumui. Yeye, Nuriat, alikuwa anapumua. Kila pumzi aliyoitoa kwa siku tatu ilikuwa imetua kwenye shingo ya mtu, na sasa iliyokuwa kinywani mwake ilikuwa inangoja shingo hii.

Aliibana. Akarudi nyuma, hatua moja, mbili, mpaka akagonga pipa la maji. Akatoa barakoa kwenye kanga akaifunga.

"Mjomba, rudi ndani. Pua yangu imekufa."

"Imekufaje?" Namono alisema.

"Imekufa. Tangu Jumatatu. Sisikii samaki, sisikii mafuta ya taa. Wote niliowaambia safi tangu Jumatatu niliwadanganya. Huu ugonjwa ninao mimi."

Kisha jambo la ajabu likatokea: watu wakakasirika kwa sababu ya zamu zao.

"Sasa sisi je? Tumekaa hapa tangu asubuhi!"

"Mimi nimebakiza mtu mmoja mbele yangu!"

"Nuriat dada, umechoka tu," Namono alisema kwa upole, akimsogelea. "Kunywa chai. Watakungoja."

"Namono, usinisogelee. Wewe unakohoa tangu lini?"

Namono alifungua mdomo kujibu, na kikohozi kikamjibia. Hapo ndipo benchi lilipoinuka. Watu kumi na wanne walitoka kwa mlango mmoja wa bati kwa wakati mmoja, wakikanyagana, wakikimbia korona huku wameshikana. Mjomba Adrisi peke yake alibaki kwenye kigoda.

"Jumatatu," alisema. "Na leo Alhamisi."

"Nisamehe, Mjomba."

"Mimi hujanifanya kitu bado. Wahesabu wao." Akainuka, akarudi ndani, akashusha pazia.

Musawo Gorreti alikuja mchana na vipimo vyote alivyokuwa navyo, akiwa amevaa nguo za plastiki kama mtu anayekwenda kupakua asali. Nuriat alikuwa na korona. Namono alikuwa nayo. Omollo, aliyefuatwa mpaka Soroti kwa simu, akapimwa tena huko, alikuwa hana. Mjomba Adrisi naye hakuwa nayo, wala hakuipata baadaye, kikohozi cha Namono begani na yote, na jambo hilo lilimuumiza Nuriat zaidi ya tusi, kwa sababu haikuwa kazi ya pua yake. Tangu siku ya kwanza mzee alikataa Nuriat aingie chumbani mwake. Alimwambia aweke sahani juu ya tofali nje ya mlango, akae mbali, kwa kuwa harufu ya samaki kwenye kanga yake ilimchokoza pumu. Nuriat alikuwa amechukia kimoyomoyo miezi yote hiyo.

Ilibaki orodha. Musawo alikaa upande wa pili wa ua na daftari.

"Nipe watu wote uliowanusa."

Majina hakuyajua, wala hakuwa ameandika. Lakini alifumba macho, na wiki tatu za mwanzo zikatoka zote kwa mpangilio wao. "Yule wa sabuni ya mwarobaini, ana duka la simu. Yule anayenuka dizeli na maziwa ya mtoto pamoja. Yule mama wa mafuta ya nazi, ila ya bei rahisi. Kijana anayekunywa pombe ya waragi akisema ni dawa." Musawo aliandika na kucheka, akamtambua kila mmoja.

"Vizuri. Na Jumatatu mpaka leo?"

Nuriat alifumba macho. Akangoja. Akayafumbua.

"Hao hawana kitu," alisema. "Hao ni shingo tu."

Waliohitajika kuliko wote ndio asiowakumbuka. Uso hakuwahi kuutazama, pua ilimtosha. Roselyn alimkumbuka kwa sababu ya maneno yake, na wengine wawili watatu wa mtaani, basi. Musawo aliweka kalamu chini, akasugua paji la uso kwa mkono wa glavu.

"Andika," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Jumatatu, wa kwanza. Viatu vyeusi vya ngozi, cha kulia kimeliwa kisigino kwa nje. Anatembea kama mtu aliyeoa juzi. Wa pili, raba nyeupe ya kike, kamba nyekundu. Wa tatu, miguu mitupu, kidole kidogo hakina ukucha."

"Mzee, unasema nini?"

"Binti, mimi nimefungiwa humu na pazia fupi. Unafikiri nilikuwa nasoma gazeti? Andika. Jumanne, wa sita: kandambili za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa gunia, alisema anakwenda kupika msibani."

"Huyo ndiye Roselyn," Nuriat alisema.

Jozi arobaini na moja. Kwa siku nne Musawo Gorreti alizunguka Nabuyonga, na barabara ya Nakaloke, na mpaka Busiu, ameinamisha kichwa, anatazama miguu. Watu walisema kazi imemzidi muuguzi wa watu, akili imeteleza. Alipata jozi thelathini na tatu. Kumi na sita kati yao walikuwa na korona. Wengi walilala wakaamka. Watatu walipelekwa hospitali kuwekewa hewa. Wawili walirudi.

Mwenye kandambili za bluu hakurudi.

Nuriat alimaliza siku zake kumi na nne, na alipopata ruhusa ya kutoka hakwenda sokoni. Alivaa barakoa, akatembea mpaka kwa Nyongesa, peke yake, kwa miguu. Alikuta matofali mabichi yamepangwa juani na mwenyewe ameketi kando yake hafanyi kitu. Akasimama mbali, hatua nne.

"Baba, poleni na msiba. Mimi ndiye Nuriat. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu. Mkeo aliniuliza, nikamwambia yuko safi. Pua yangu ilikuwa imekufa tangu jana yake, na nilijua, nikamwambia hivyo hivyo."

Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, hata kwa tofali. Nyongesa hakuinuka pale alipoketi.

"Siku ile alirudi amefurahi," alisema. "Alituambia, Mama Nuriat amesema mimi ni mzima. Akawapikia watoto uji akawaonjesha kwa kijiko chake. Alikuamini sana, Mama. Hata kule hospitali alisema labda wamekosea, wewe hukosei."

Nuriat alitamani lile tofali.

"Pua imerudi?" Nyongesa akauliza.

"Imerudi nusu. Imerudi vibaya."

Nyongesa aliinuka kabla hajaeleza. Akaita ndani, na watoto watatu wakatoka wakajipanga mlangoni kwa vimo vyao, mdogo wa mwisho amevaa kandambili za bluu zinazomzidi. Baba yao alimsogeza wa katikati mbele, akamwinamisha kichwa, akamgeuza sikio.

"Huyu ameanza kukohoa jana. Wanuse, Mama. Nisaidie."

Upepo ulikuwa unatoka upande wao. Pua yake ilimletea harufu moja tu, ileile iliyomjia tangu juzi kutoka kwenye chai, sabuni, mkate na mkono wake mwenyewe: mpira wa gari unaoungua. Kwa pua hiyo watoto wote watatu walikuwa wagonjwa, na baba yao, na matofali, na mlima mzima wa Elgon.

"Siwanusi, Baba."

"Umekasirika?"

"Hapana. Sijui kunusa watu. Sikuwahi kujua."

"Sasa unajua nini?" Haikuwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Najua kituo cha afya kiko wapi. Wavalishe barakoa. Na wewe njoo."

Wakaenda hivyo, Nyongesa na watoto mbele, Nuriat hatua nne nyuma yao, akikaza kitambaa chake puani ambako hakukuwa na cha kulinda. Kandambili za bluu zilipiga lami pa, pa, pa, zikimwacha mtoto nyuma kila hatua, naye akizikimbilia kwa ndani. Waliokuwa wanawajua walisimama kwenye milango ya maduka. Mwanamke mmoja alimwita Nuriat kwa mkono, akageuza shingo yake kidogo, akamwonyesha nyuma ya sikio, akiuliza bila maneno kama foleni itafunguliwa lini. Nuriat alitikisa kichwa akapita.

Musawo Gorreti alikuwa mlangoni na daftari lake. Kwa mazoea aliyoyapata mwezi ule hakuwatazama nyuso. Alitazama miguu kwanza, kutoka mkubwa mpaka mdogo, na alipofika kwa mdogo akafunga daftari.

"Kaeni," alisema. "Mbalimbali. Nitawaita mmoja mmoja."